Kizimba cha Kupinduliwa

Jumanne, saa tatu usiku. Watoto wamekwisha kuogelea,
boya moja la mpira limesahaulika pembeni.
Bwawa la manispaa ya Risør ni letu hadi saa nne na nusu:
mimi, mlinzi Odd-Arne na funguo zake,
na kizimba cha chuma nilichokichomelea mwenyewe,
viti viwili, mikanda ya ncha tano,
usukani usiopeleka popote.

Kazi yangu ni kuwapindua watu.
Nawafunga, nawavisha miwani niliyoipaka rangi nyeusi,
nazungusha mpini, miguu inakuwa juu.
Kisha nahesabu.

Usiharakishe, nawaambia.
Kwanza mrija wa hewa, bega la kushoto. Vuta pumzi.
Pili, mkono mmoja ushike fremu ya mlango,
usiuachie hata mama yako akikuita,
maana ukiuachia hutajua tena juu ni wapi.
Mkanda ni wa mwisho.
Na wote huanza na mkanda.
Mkono huikimbilia bizimu kabla akili haijafika.

Zamani walishindana vichwa wazi, upepo mdomoni,
na boti ikiruka vibaya iliwamwaga.
Maji, kwa kilomita mia mbili kwa saa, si maji.
Ni sakafu.
Kaka yangu Eyvind alilijua hilo kwa nusu sekunde.
Alikuwa mshika mafuta: kusikiliza injini,
kupunguza boti ikiwa hewani, kuongeza ikigusa wimbi,
mkono wake wa kulia ukipanda na kushuka
kama wa mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala.
Jaketi lake la kuokolea lililetwa nyumbani
vifungo vyote vimefungwa,
halina mtu.

Halafu yakaja mapaa ya plastiki nene, kama ya ndege za vita.
Tulishangilia.
Msimu wa pili wawili walizama chini ya paa hilo
wakiwa hawana hata mfupa uliovunjika,
kucha zao zimekatika kwenye kioo.
Ndipo nikanunua vyuma.

Leo wamekuja watatu.
Synnøve, miaka ishirini na miwili, sekunde kumi na moja;
akaibuka akicheka, kamasi hadi kidevuni.
Binamu yake, kumi na tisa. Inatosha.
Wa tatu Halvard Tveitane.
Akaanza na mkanda.
Mara ya pili, mkanda.
Mara ya tatu nilimgeuza mwenyewe kabla ya thelathini,
uso wake rangi ya mshumaa.
"Nimeshindana miaka ishirini na sita," akasema.
Nikamwambia bahari haisomi vyeti.
Karatasi yake ikabaki mezani bila sahihi, ikilowa.

Lile jingine sikulisema, naye hakulisema:
kwamba siku ile usukani ulikuwa mikononi mwake,
kwamba alirushwa kushoto, Eyvind kulia,
na kushoto ndiko walikokuwa waokoaji.
Mjini watasema nalipa kisasi kwa kalamu.
Nami nimejiuliza, nikianika mikanda usiku,
na jibu nililopata
silipendi kila siku.

Odd-Arne anatikisa funguo.
Vijana wamekwenda kutafuta soseji.
Halvard ameketi kwenye benchi, taulo kichwani,
kisha anainuka, na haendi kuvaa.
Anaingia tena kizimbani.
Anajifunga mwenyewe, ananiomba nikague.
Nauvuta mkanda wa begani
kwa nguvu kuliko inavyohitajika.
Nazungusha mpini.

Moja. Mbili.
Mkono unakwenda kwenye bizimu.
Unasimama hapo.
Nne.
Unapanda kifuani, polepole, kama unaotafuta kalamu
katika mfuko wa shati la mtu mwingine.
Sita. Funguo zimenyamaza.
Saba. Mapovu,
machache, kisha machache tena,
kwa nafasi.
Nane, nasema kwa sauti, ingawa hanisikii.
Tisa.